Waziri Amesema

Chukua gazeti lolote la kila siku la Kiswahili, uache habari zenyewe, usome vichwa vyake tu. Vitenzi utakavyokutana navyo ni vilevile kila asubuhi: Rais ataka, waziri aonya, mkuu wa mkoa aagiza, mkuu wa wilaya acharuka, mbunge ang'aka, msemaji wa chama afunguka. Ni nadra kukuta kitenzi cha jambo lenyewe, kwamba daraja limekatika, mchele umepanda bei, zahanati imeishiwa dawa. Daraja likikatika, gazeti litalifikia siku waziri atakapokwenda kulikagua, na kichwa kitakuwa cha waziri: amekasirika, amempa mkandarasi siku saba. Wanakijiji waliokuwa wakivuka mto kwa mtumbwi muda wote huo wataonekana pichani nyuma yake, wakipiga makofi.

Mazungumzo yetu kuhusu vyombo vya habari na vijana hayafiki hapa. Wazazi, walimu na viongozi wa dini hulalamikia picha za damu, lugha chafu, udaku na mavazi ya watangazaji. Malalamiko hayo yana msingi wake, lakini yanatafuta athari katika habari ya siku moja na kuacha kile kinachorudiwa kila siku kwa miaka. Ninachodai katika sura hii ni kwamba athari kubwa kuliko zote ya vyombo vikuu kwa kizazi kinachokua imetokana na nani anayepewa nafasi ya kusema. Mtoto aliyekulia mbele ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku alijifunza, bila mtu kumfundisha, kwamba jambo haliwi habari mpaka mkubwa alitamke, na kwamba kazi ya mtu wa kawaida ni kusikiliza, kushangilia au kulia mbele ya kamera. Kizazi cha sasa kinalikataa somo hilo. Kukataa huko ndiko kunakoitwa, katika vikao vya wahariri, vijana kutopenda habari.

Tabia hii si ya Afrika peke yake, na ni vizuri tuliseme hilo mapema ili tusijilaumu kwa yasiyo yetu. Mtafiti wa Marekani Leon Sigal alichapisha mwaka 1973 uchambuzi wa kurasa za mbele za New York Times na Washington Post, akakuta karibu robo tatu ya vyanzo vya habari ni maofisa wa serikali, ya kwao au ya nchi nyingine. Hayo yalikuwa magazeti yanayojivunia uhuru kuliko mengi duniani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, Stuart Hall na wenzake wa Birmingham, Uingereza, walitoa kitabu kuhusu hofu ya uporaji wa mitaani iliyoikumba nchi ile kuanzia mwaka 1972. Walionyesha kwamba magazeti hayakuhitaji kutunga uongo wowote. Yaliwauliza polisi, majaji na wanasiasa tatizo ni nini, wakajibu, na jibu lao likawa ndilo umbo la tatizo kwa kila aliyefuata. Mkaguzi wa polisi alisema kwanza. Kijana mweusi aliyesemwa alikuja kujitetea ndani ya maneno ya mwingine. Msomaji wa Dar es Salaam anayakumbuka ya kwake. Makundi ya vijana wenye mapanga yaliyoitwa Panya Road yalipotisha jiji, mkazi alijua kutoka kwenye habari kamanda wa polisi wa kanda maalumu amesema nini, wangapi wamekamatwa na wangapi wameuawa katika majibizano ya risasi. Vijana wenyewe ni akina nani, waliacha shule lini, nani aliwapa mapanga, na kama kila aliyeuawa alikuwa kweli mhalifu, hayo yalibaki nje ya habari kwa sababu aliyeyajua hakuwa na cheo.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni pesa. Habari ya mkutano wa waandishi ni rahisi kuliko zote: ukumbi upo, kipaza sauti kipo, taarifa imeshachapwa, na mara nyingi kuna bahasha ya nauli mwishoni. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa kila habari iliyotoka hawezi kukaa wiki nzima kijijini akifuatilia kisima kisicho na maji, maana wiki hiyo hatakula. Akipanda gari la msafara wa mkuu wa mkoa, jioni anazo habari tatu. Juu yake kuna mhariri, na juu ya mhariri kuna idara ya matangazo ambayo mteja wake mkubwa ni serikali na mashirika yake. Nchini Kenya, Machi 2024, wizara husika iliagiza matangazo yote ya serikali ya redio na televisheni yapelekwe shirika la umma, KBC, na hakuna mwenye kituo binafsi aliyehitaji kuelezwa maana ya agizo hilo. Tena umiliki wenyewe haufichi kitu: Standard Group kwa miaka mingi imehusishwa na familia ya Moi, na Mediamax na familia ya Kenyatta.

Sababu ya pili ni sheria, na hapa Tanzania ilitoa mfano ulio wazi kuliko wowote ninaoujua. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu na kufanya kuwa kosa kutangaza takwimu zenye kupotosha au kupinga zile za serikali, kwa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo cha miaka isiyopungua 3, au vyote viwili. Vifungu hivyo vililegezwa mwaka uliofuata baada ya kelele za wafadhili na wanaharakati, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa: hesabu ni mali ya mkubwa. Ndipo ikaja corona. Mei 2020 hesabu ya Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na haikusogea kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwenye hesabu alipoacha kusema, habari nayo ikanyamaza. Makaburi yalikuwapo, hospitali zilikuwapo, familia zilizofiwa zilikuwapo, lakini hakuna hata mmoja kati ya hao aliyehesabika kuwa chanzo. Waliojaribu kutoka nje ya mstari walilipia. Gazeti la Mwananchi lilisimamishiwa leseni yake ya mtandaoni kwa miezi sita kwa picha ya zamani ya Rais wa wakati huo akinunua samaki, na televisheni ya mtandaoni ya Kwanza ikafungiwa miezi 11 kwa kusambaza tahadhari ya ubalozi wa Marekani.

Mtu atasema: basi tatizo ni sheria, si wanahabari. Wakipewa uhuru watauliza. Hoja hiyo inastahili jibu la haki, kwa kuwa ni rahisi kumdai ujasiri mtu ambaye mshahara wake na leseni ya mwajiri wake viko mikononi mwa anayetakiwa kumhoji. Sheria mbaya ziondolewe, sina ubishi. Lakini iangalie ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ni nyaraka ya umma, inawasilishwa bungeni kila Aprili, haina siri, na kuisoma si kosa la jinai. Katika ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17 kulikuwa na pengo la shilingi trilioni 1.5 kati ya mapato yaliyokusanywa na matumizi yaliyoonekana. Nchi ililijua pengo hilo Aprili 2018, baada ya mbunge Zitto Kabwe kulitamka. Ripoti ilikuwa mezani kwa kila chumba cha habari. Kilichokosekana hakikuwa ruhusa ya kuisoma. Hata nyaraka iliyoandikwa na ofisi ya serikali, yenye mhuri wa serikali, ilihitaji mwanasiasa aiseme ndipo iwe habari, na baada ya hapo mjadala ukawa ni nani amemjibu Zitto na kwa ukali gani. Trilioni zenyewe zikasahaulika katikati ya majibizano.

Sasa mweke kijana mbele ya habari ya namna hiyo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilikuta robo tatu ya Wakenya wana umri chini ya miaka 35. Hao ndio wengi, na katika habari ndio wasiosikika, isipokuwa wakiwa wamekamatwa, wamefaulu mtihani au wamekufa. Kwa hiyo yaliyotokea Kenya mwaka 2024 ni jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga vizuri zaidi. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ulipendekeza, pamoja na mengine, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Televisheni ziliuripoti kwa desturi: upande wa serikali umesema, upinzani umejibu, mchumi mmoja amealikwa studio, na mahojiano mazito yakawekwa kwenye taarifa ya Kiingereza ya saa tatu usiku, baada ya ile ya Kiswahili ya saa moja kupita. Vijana walifanya kitu kingine. Waliupakua muswada wenyewe, kurasa zote, wakaugawana kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Sheng, kwa Kiswahili, kwa lugha za nyumbani na kwa lugha ya alama, katika video za dakika moja au mbili. Mmoja wao akatengeneza programu ya akili mnemba ambayo mtu aliiuliza swali lolote kuhusu muswada ikamjibu. Wakasambaza namba za simu za wabunge ili kila mtu amuulize wake. Juni 18, siku ya maandamano ya kwanza jijini Nairobi, serikali ikaondoa VAT ya mkate na kodi ya magari. Juni 25 Bunge likapitisha kilichobaki kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia katika jengo la Bunge, watu wakapigwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini.

Angalia walichokifanya kabla ya mitaa kuchafuka. Walisoma chanzo cha kwanza, wakalinganisha maneno ya wanasiasa na maandishi ya muswada, wakatafsiri kwa ajili ya msomaji wao, wakamtafuta mhusika ajibu. Hiyo ndiyo kazi ya uandishi wa habari kama inavyofundishwa vyuoni, na ilifanywa na watu waliokuwa wakiambiwa hawasomi. Wanaosema vijana wameikimbia habari kwa uvivu na kwa ulevi wa TikTok wana kazi ya kueleza ni mvivu gani anayesoma muswada wa kodi. Kuepuka habari kupo, na si kwa vijana tu. Uchunguzi wa kila mwaka wa Reuters Institute wa Oxford ulikuta mwaka 2024 kwamba asilimia 39 ya waliohojiwa katika nchi kadhaa huepuka habari wakati mwingine au mara nyingi, kutoka asilimia 29 mwaka 2017. Miongoni mwa sababu wanazozitaja watu katika tafiti hizo ni kwamba habari huwaacha wakijiona hawana la kufanya. Hisia hiyo inatoka wapi, kama si kwenye taarifa ambayo kila kitenzi ndani yake ni cha mtu mwingine mwenye madaraka?

Juni 30, 2024, Rais Ruto alikaa Ikulu na waandishi watatu wakongwe, mazungumzo yakaonyeshwa moja kwa moja na vituo vikuu. Waandishi hao walimbana kwa maswali magumu, na wapewe haki yao. Rais akasema waliokufa ni 19. Siku iliyofuata Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikatoa hesabu yake: 39. Julai 5 Rais akaingia kwenye mkutano wa sauti katika mtandao wa X, zaidi ya watu laki moja wakisikiliza, na safari hii walioshika kipaza sauti walikuwa vijana wasio na kituo wala cheo. Mazungumzo yalikwaruzana, mitandao ikakatika, wengine walifoka. Lakini mkuu wa nchi alikwenda kujibu mahali ambapo si yeye aliyepanga viti, na hilo halikuwahi kufanywa na taarifa ya saa tatu.

Pingamizi zito zaidi ni la uongo. Mitandao imejaa picha za nchi nyingine zilizobandikwa maelezo ya kwetu, sauti za kutengenezwa, akaunti za kulipwa, na kijana aliyeacha televisheni amemwacha pia mhariri wa kumkinga. Ni kweli tupu. Usiku wa Juni 25, 2024 zilienea habari za mauaji ya watu wengi huko Githurai, nje kidogo ya Nairobi, kwa idadi zilizopishana vibaya, na mabishano hayakuisha kwa siku wala kwa wiki. Lakini uongo huo ulijaza nafasi gani? Mtu aliyesikia milio ya risasi akafungua televisheni alitaka mwandishi wa kumwambia nimesimama hapa, nimeona hiki, kile sijakiona. Alichopata ni kusubiri polisi waseme. Na polisi wanaposema, kuna tatizo lingine. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central, Nairobi. Taarifa ya polisi ilidai alijigonga kichwa ukutani, na taarifa hiyo ikasomwa na kuchapishwa kama polisi walivyoitoa. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujipa mwenyewe, na Inspekta Jenerali wa polisi akalazimika kuyafuta maneno hayo mbele ya Seneti. Kwa siku mbili au tatu, uongo ulikuwa na mhuri. Anayemwambia kijana aogope uongo wa mtandaoni amweleze pia afanye nini na huu.

Wenye vyombo wakikaidi, wanajua kinachofuata. Januari 2018 NTV, KTN na Citizen zilizimwa kwa siku kadhaa kwa kuonyesha kiongozi wa upinzani wa wakati huo, Raila Odinga, akijiapisha kuwa “rais wa wananchi” katika bustani ya Uhuru. Juni 25, 2025, siku ya kumbukumbu ya waliouawa, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakomeshwe, mitambo ya NTV, KTN na K24 ikazimwa, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo siku hiyohiyo. Vituo vile vilipokuwa gizani viliendelea kuonekana mtandaoni, na vijana wakavifuata huko. Ni vijana walewale wasiopenda habari. Tanzania, kwenye uchaguzi wa Oktoba 29 mwaka uleule, mambo yalikuwa kinyume. Intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa na amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam. Kama vyombo vikuu vilikuwa na siku ya kuthibitisha kwamba bila vyenyewe kijana hajui kitu, siku hizo ndizo. Walichosikia wananchi kutoka vituo vikubwa vya ndani kuhusu barabara zao wenyewe kilikuwa kidogo mno, na wengi walijua yaliyowapata majirani zao kwa jamaa walio Ulaya na Marekani. Itachukua miaka mingi mtazamaji wa miaka 20 kusahau hilo.

Je, basi vife? Wapo wanaosema hivyo, na wengine ni vijana wenye akili nzuri. Siwaungi mkono. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa filamu ya uchunguzi iitwayo Blood Parliament kuhusu risasi zilizopigwa nje ya Bunge la Kenya. Ilijengwa juu ya picha na video zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimepigwa na waandamanaji kwa simu zao. Simu zilikuwapo tangu siku ya kwanza, na mtandao ulikuwa umejaa vipande hivyo, lakini kipande kimoja hakimtaji mfyatuaji. Ilihitajika timu inayolipwa mshahara, inayoweza kukaa miezi ikilinganisha saa, vivuli na pembe za kamera, yenye mwanasheria pembeni na mhariri wa kukataa lisilotosha, mpaka wakapatikana askari wa vikosi vya usalama waliofyatua. Onyesho lililopangwa Nairobi lilifutwa, na watengeneza filamu wanne wa Kenya wakakamatwa ingawa BBC ilisema hawakuhusika. Kijana peke yake na simu yake asingeweza kuifanya kazi ile, na asingeweza kuhimili kilichofuata. Ila zingatia pia chanzo cha habari ile kilikuwa nani. Msemaji wa polisi aliulizwa kama anavyopaswa kuulizwa, kama mtuhumiwa mwenye haki ya kujibu. Walioanza kusema walikuwa waliokuwapo.

Na asitokee wa kudai kwamba sauti hizi ni changa mno kwa kazi nzito kama hii. Benjamin Mkapa alipewa uhariri wa gazeti la The Nationalist mwaka 1966 akiwa hajafikisha miaka 30. Jomo Kenyatta alikuwa mhariri wa gazeti la Muigwithania mwaka 1928, katika koloni ambalo magavana ndio waliokuwa wakisema. Kazi hii ilikwisha kushikwa na vijana zamani, kabla ya TikTok.

Kwa hiyo mhariri anayetaka kumrudisha msomaji wa miaka 20 asianze kwa kufungua akaunti ya TikTok na kumwajiri mtoto wa kuchekesha. Achukue matoleo yake ya wiki moja, au taarifa zake za habari za siku saba, na kalamu nyekundu. Aandike kila jina lililonukuliwa na cheo chake, kisha ajumlishe: viongozi wangapi, maofisa wangapi, wanawake wangapi, watu wasio na cheo wangapi, na kati ya hao wa mwisho wangapi waliulizwa wanachokijua badala ya wanavyojisikia. Ahesabu pia habari ngapi zilianza na nyaraka au na mwandishi aliyekwenda kuona. Kisha aibandike karatasi hiyo kwenye ukuta wa chumba cha habari, mahali ambapo waandishi wa zamu ya asubuhi hupangiwa nani aende kwenye mkutano wa waziri.